Ua wa Miiba Uliokatiza Laga

Nilipelekwa Garissa kusafisha mto usiokuwa na maji. Mimi mtu wa bara, wa nchi ya migomba na ukungu wa asubuhi, nilizoea kwamba mto ni kitu unachokisikia kabla hujakiona. Siku niliyoripoti kazini nikasimamishwa ukingoni mwa korongo pana la mchanga mweupe, nikauliza mto wenyewe uko wapi. Wenzangu walicheka mpaka nikapandwa na hasira. "Ndio huo umeukanyaga," wakaniambia.

Wenyeji huuita mto wa namna hiyo laga. Hukaa mkavu karibu mwaka mzima, halafu mvua inanyesha mbali huko juu na maji yanashuka kwa kishindo, yanapita mbio kwenda Tana, na jioni yake unabaki mchanga tena. Lakini chini ya mchanga huo maji hukaa, na watu walikuwa wakiyachimbua na kuyanywa. Na juu ya mchanga huo huo mji ulikuwa ukitupa kila kitu. Machinjio yalimwaga damu na matumbo. Wenye hoteli walimwaga makombo. Mitaro yote iliyochimbwa na serikali, kama kwamba aliyeichora alikuwa na ugomvi na wanywaji wa maji, ilielekezwa humo humo.

Mimi nilikuwa msimamizi wa mitaro na taka. Nilikuwa na vibarua, makarai, mabeleshi na lori moja kuukuu. Nilikuwa pia na mdomo, na mdomo wangu ulijulikana mji mzima. Nilimtukana kibarua aliyechelewa, nikamtukana aliyewahi kwa kukaa bure, na wao walinizoea wakawa wananitania: wakiniona kimya wanauliza kama nina homa.

Mwanamke ninayetaka kusimulia habari zake, tulianza naye kwa ugomvi. Alikuwa mama Msomali wa makamo, mjane, muuza maziwa ya ngamia sokoni, na kisima chake kilikuwa katikati ya laga, chini kidogo ya machinjio. Ukikiona utasema ni shimo tu, limezungukwa na matawi ya mgunga, na mdomo wake umezibwa na tawi moja kubwa la miiba. Tawi hilo wao huliita ood. Mimi nilikuwa nimepewa dawa ya unga ya kutia visimani, basi nikalivuta lile tawi nikalitupa kando, nikaanza kufungua mkebe wangu.

"Warya! Serikali!" Sauti ilitoka nyuma yangu. Nikageuka, mama huyo anakuja mbio na kibuyu mkononi, na sikuwa na shaka kwamba kibuyu hicho kinakuja kichwani mwangu. "Wewe nafungua nyumba ya mtu bila hodi? Dawa yako beleka kwa mama yako, yeye anywe kwanza!"

Lo! Sikuwahi kukutana na mtu mwenye mdomo kunishinda. Vibarua waliweka mabeleshi chini wakakaa kusikiliza, washenzi wale, kama wako kwenye harusi. Mmoja wao ndiye aliyenieleza baadaye kwamba ood haivutwi na mgeni. Mgeni akifika anasimama mbali, anakohoa, anangoja mwenye kisima aje avute mwenyewe. Kesho yake nilikwenda nikasimama mbali. Nikakohoa kama mgonjwa wa kifua. Mama akaja, akaniangalia weee, akacheka. Akavuta ood, akateka maji, akanipa.

Yalikuwa na harufu ya machinjio. Nilimeza kwa sababu alikuwa akinitazama.

"Zamani habana hivi," akasema. "Zamani hii maji tamu. Mtoto yangu alikuwa nakimbia kutoka kwa ngamia kuja kunywa hii tu."

Sijui kwa nini kauli hiyo iliniingia. Labda kwa sababu nilikuwa kijana, nilikuwa mpweke, na sikuwa nimepata kitu chochote cha kupenda katika mji ule wenye joto la tanuri. Nikajiambia kwamba hii laga nitaisafisha. Kusafisha kwa ripoti nilikuwa nakujua, kila mtu anakujua. Mimi nilitaka maji yale yarudi kuwa matamu.

Tulifanya kazi, nasema kweli. Tulichimba shimo la taka mbali na laga, machinjio yakawa yanabebewa uchafu wake na lori langu kila siku. Tulihamisha mdomo wa mtaro mkuu ukaingilia chini ya visima, upande wa kwenda Tana. Tulipanga mistari ya mawe mapana kukatiza mchanga, ili maji ya mafuriko yakija yapunguze mbio, yatue tope lake juu, na yazame pole pole. Mama alikuja kila alasiri baada ya soko kutukagua. Alikuwa akiniita walaal, yaani ndugu, akiridhika na kazi, na Serikali akikasirika. Mimi nilimwita Mama siku zote.

Mvua moja ikaja, maji yakapita vizuri, yakatulia kwenye mawe yetu. Baada ya siku kadhaa Mama akanipelekea kibuyu ofisini kabisa, mbele ya wakubwa wangu. Nikanywa. Hapakuwa na harufu yoyote. Alisimama mlangoni akinitazama ninywe mpaka mwisho, kisha akasema, "Walaal, sasa oa," akaenda zake. Wakubwa wangu walicheka siku nzima.

Katika siku hizo alinifundisha mambo ya visima. Mwana-mbuzi alitumbukia kisima cha jirani akafa, maji yakaoza. Nikaleta vibarua wafukie. Mama akatufukuza na mabeleshi yetu. Kisima kilichoharibika, alisema, kinafukiwa kwa mikono, kwa sababu kimekuwa kikikulisha. Halafu ood inalazwa juu yake, na kishina cha tawi kinaelekezwa kule maji yanakotoka. Watu wengine wanalilaza tu vyovyote. Ya kishina ilikuwa desturi ya nyumba yao. Aliipata kwa mumewe, na mumewe aliipata kwa baba yake. Mtu wa nyumba hiyo akipita na kuona kishina kinatazama juu ya laga, anajua hapo pameharibika asinywe.

Vita vya serikali na shifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga, vilikuwapo tangu nifike, lakini mwanzoni vilikuwa vya kusikia: gari limeshambuliwa kule, kituo kimepigwa huku. Halafu vikasogea. Mabomu yakaanza kutegwa barabarani. Mwalimu niliyekuwa nikipanga naye chumba, mtu wa kwetu, alipanda lori kwenda kupokea mshahara wake na hakurudi. Nilimlilia. Nilizungumza maneno mabaya juu ya watu wote wa nchi ile, na jioni nikakumbuka kibuyu, nikaona aibu, na bado hasira haikuniisha. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi wakati ule, na anayesema moyo wake ulikuwa upande mmoja tu ananidanganya.

Kwanza lori langu likachukuliwa. Askari walilihitaji kubeba watu. Amri ilikuwa imetoka kwamba wafugaji wakusanywe, wakae kwenye vijiji vyenye ulinzi ili shifta wasipate chakula wala mahali pa kulala. Bila lori, machinjio yakarudia ule mchezo wao: kila siku matumbo, kwato, ngozi mbovu, vikarundikwa mchangani mwa laga, juu ya mawe yetu. Na mifugo iliyokuwa imekamatwa na serikali ikifia zizini, mizoga ilitupwa hapo hapo. Nilikwenda kupiga kelele ofisini. Nikaambiwa, "Wewe bwana, watu wanakufa, unatuletea habari za utumbo?" Tulibeba kwa makarai vichwani, mimi na vibarua, tukiondoa kidogo asubuhi na kukuta mlima mchana. Nilitamani kulia kwa hasira.

Kisha wakaja na kijiji chenyewe. Wakakiweka kwenye kingo za laga, chini kidogo ya kisima cha Mama, kwa sababu pale palikuwa tambarare. Vibanda vya matawi na turubai vilijipanga mpaka ndani ya mchanga, na pande zote ukajengwa ua wa miiba mirefu, imefungwa kwa seng'enge. Upande wa juu ua huo ulikatiza laga kutoka ukingo hadi ukingo. Kisima kikabaki nje, Mama akabaki ndani. Asubuhi wanawake walitolewa kwa mlango mmoja, wakasindikizwa na askari kuteka maji, wakarudishwa.

Siku hizi nasikia watu wanakutana mahotelini kuzungumzia namna ya kuirudishia mito ya mjini uhai. Vizuri. Mimi nawaambia jambo moja tu, kwamba ukiweka miiba kukatiza njia ya maji umejenga ukuta. Takataka inashikwa na miiba, tope linashikwa na takataka, na maji yakikosa pa kupita yanatafuta watu. Hili halikuwa fumbo. Mimi nililijua, Mama alilijua, kila kibarua aliyezaliwa ukingoni mwa Tana alilijua. Mlima wa mizoga uko juu, ua uko chini, na kisima kiko katikati.

Nilimwendea afande aliyesimamia kijiji. Alikuwa mtu wa bara kama mimi, tena lugha yetu ya nyumbani ilikuwa moja, nikadhani hilo litanisaidia. Nilimwomba mlango wa maji, nafasi tu kwenye ua pale laga inapopita, upana wa lori, iwe na matawi mepesi ambayo maji yatayasukuma yenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mjinga, na hakuwa mkatili hasa. Alikuwa amechoka, macho mekundu, amewazika vijana wake.

"Naelewa," aliniambia kwa lugha yetu. "Maji yatapiga ua. Lakini panapopita maji panapita mtu. Nikifungua hapo, nitaamka nikute askari wangu wamechinjwa. Wewe ungefungua?"

Swali hilo silipendi mpaka leo.

Nilimpelekea Mama majibu siku iliyofuata, wakati wa kuteka maji. Nilitegemea matusi. Badala yake alikaa chini pembeni ya kisima, akavuta shuka lake usoni. Askari aliyewasindikiza alikuwa mbali, anawasha sigara.

"Walaal," akasema pole pole, "hii kisima si maji beke yake. Mtoto yangu alitoka na ngamia kabla ya hii fita. Hajui nyumba yangu iko wabi sasa. Lakini watu ya ngamia wakibotezana, kila mtu anarudi kisima ya mama yake. Anakaa hapo, anangoja. Tangu zamani iko hivyo. Yeye atakuja hapa. Kisima ikibotea, mtoto atanibata wabi?"

Sikumuuliza kama kijana bado yuko na ngamia au ana bunduki. Kama ningeuliza angenijibu, na jibu lingekuwa mzigo wa sisi wawili. Nilielewa tu kwamba afande hakukosea kuogopa, na kwamba Mama hakukosea kungoja, na mimi nilikuwa na karai na beleshi katikati yao. Nikawarudia vibarua nikawafanyisha kazi kama punda. Tulihamisha mizoga mpaka ngozi za vichwa vyetu zikachubuka. Wingu likaanza kuonekana kila jioni upande wa kaskazini.

Maji yalikuja mchana, jua linawaka, mbingu ya buluu haina hata doa. Asubuhi hiyo gari lilikuwa limekanyaga bomu barabarani, kwa hiyo mji ulifungwa, hakuna kutoka, na kijijini hata wanawake wa maji walizuiwa. Mimi nilikuwa kwenye mtaro karibu na machinjio kwa kibali changu cha kazi. Nilisikia mngurumo nikafikiri ni magari ya jeshi. Kibarua mmoja akanishika mkono, akanivuta juu ya ukingo, na laga ikapita mbele yangu, kahawia, ndefu, imebeba miti.

Ilichukua ule mlima wa mizoga wote kwa pigo moja. Tulikimbia kando yake tukipiga kelele, tukafika kwenye ua kabla maji hayajajaa. Niliona mambo yakienda kama nilivyomweleza afande. Miiba ikashika matumbo, ngozi, matawi, mbuzi waliovimba. Ukuta ukaziba. Maji yakaanza kupanda nyuma yake, yakawa ziwa, na katikati ya ziwa hilo niliona mahali kilipo kisima kwa matawi yake ya mgunga, kisha sikuyaona tena. Tuliukata ua kwa majembe. Kwa upande wa ndani Mama alikuwa akivuta miiba kwa mikono mitupu, damu mpaka kwenye viwiko, na askari aliyetakiwa kumpiga risasi kila anayegusa ua alikuwa ametupa bunduki chini anavuta naye.

Hatukuwahi. Ua ulikatika wenyewe, wote kwa pamoja, ukashuka na ziwa lile juu ya vibanda vya mchangani. Walikufa watu. Sitawahesabu hapa, waliowazaa waliwahesabu. Mama alirushwa ukingoni, akavunjika mkono, akapona.

Afande alinijia kesho yake tukiwa tunatafuta maiti. Alisimama kando yangu.

"Haya," akasema. "Weka mlango wako wa maji."

"Maji yameshapita, afande," nikamwambia. Akaondoka.

Mchanga ulipokauka kidogo Mama aliomba ruhusa, akaja na mkono wake umefungwa kitambaa. Kisima hakikuonekana. Pale palikuwa na tope jeusi, limejaa mifupa, na inzi. Alipajua mahali kwa kutazama kingo zote mbili na kupiga hatua. Nilimchimbia mimi mwenyewe. Maji yakatoka, meusi, yananuka kiasi cha kumfanya mtu atapike. Nikachota, nikamwaga, nikachimba tena chini zaidi, nikachota, nikamwaga. Nilirudi siku nyingi. Nilijaribu dawa, nilijaribu makaa, nilijaribu kuchimba pembeni. Kila shimo lilikuwa na maji yale yale.

Siku moja akaniambia, "Walaal, bas." Akapiga magoti, akafukia kwa mkono wake mmoja mzima. Nilitaka kumsaidia, akatikisa kichwa. Akavuta tawi la mgunga lililokuwa limekwama ukingoni, akalilaza juu, kishina kikitazama juu ya laga.

Baadaye kidogo kijiji kikavunjwa na watu wakahamishwa. Nilimwona Mama juu ya lori, lile lile lori langu la taka, hata rangi yangu mlangoni haijafutwa. Linakwenda njia ya Wajir, kijiji kingine, ua mwingine. Aliniita akiwa juu. Hakuniita walaal wala Serikali. Aliniita kwa neno wanalomwitia mtoto wa kiume wa nyumbani. Akasema, "Akija, mwambie." Lori likaondoka kabla sijajibu.

Upepo na vijimvua vidogo vikafukia lile tawi kwa mchanga. Mimi nikaanza kuchimba mlango wangu wa maji kwenye ua uliojengwa upya pale kilipokuwa kijiji, kuzunguka ghala jipya la jeshi, kwa amri, na askari akitulinda. Tulikuwa kazini asubuhi moja nilipomwona mtu anashuka laga kutoka juu. Mwembamba, shuka kiunoni, fimbo mabegani. Alifika mahali fulani akasimama. Akatazama ukingo wa kulia, akatazama wa kushoto, akapiga hatua, akarudi, akapiga tena. Alikuwa akipima kama alivyopima Mama.

"Nani yule?" askari akauliza, akainua bunduki.

"Nani tena! Kibarua wangu," nikasema. "Kila siku anachelewa, mbwa huyu." Nikabeba beleshi nikamwendea nikitukana kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kila siku, matusi ya mama yake na ya ukoo wake. Askari akacheka, alinijua. Vibarua wangu, ambao walielewa, wakainama wakachimba bila kuinua macho. Nilimsukumia kijana beleshi kifuani. "Wewe! Hooyo hakuna hapa! Hooyo amebebwa na lori, amekwenda Wajir, ndani ya ua wa serikali! Hooyo mzima! Kisima hakuna! Chimba hapa, mvivu, uone mwenyewe!" Neno hooyo ni mama kwa Kisomali, na askari yule hakulijua. Nililipiga kelele mpaka likanikwaruza koo.

Alinitazama usoni. Alikuwa na macho ya Mama, yale yale ya kukukagua. Akachimba nilipomwonyesha, akakuta tawi, akalitoa taratibu. Akachimba tena mpaka maji meusi yakaja. Akatia vidole, akanusa.

Akaniwekea beleshi miguuni. Akapiga magoti, akafukia shimo lile kwa mikono, mpaka likawa sawa na mchanga mwingine. Akalaza ood juu yake, akaigeuza kidogo, kishina kikatazama juu ya laga. Kisha akasimama akatazama barabara ya Wajir. Ilikuwa wazi mbele yake, na kizuizi cha askari kilionekana juu yake kutoka pale tulipokuwa. Aliitazama sana. Halafu akaipa kisogo, akarudi vichakani alikotoka.

"Kibarua wako anakimbia kazi," askari akasema.

Nikamwambia wako hivyo wote, wavivu, na nikainama kuchimba ili asinione uso.